Neno Alilolikataa Mama Muungaji

Kwetu Ngungu alijulikana kwa kazi yake: Mama Muungaji, yule anayeunga mifupa. Jina lake la ubatizo ninalijua, ila siliandiki. Ulimi wangu ulishamtaja mara moja mbele ya mtu ambaye hakupaswa kusikia, na tangu siku ile kuna kilima kimoja nyumbani ambacho sipendi kukitazama, kwa sababu ndicho walichompandisha walipokwenda naye.

Alizaliwa wapi, babu zake ni akina nani, waulizeni wengine. Mimi ninamfahamu kuanzia kwenye mikono.

Haikuwa mikono ya kutazamwa. Ilikuwa mifupi, minene, kucha zimejaa udongo wa viazi, na kidole gumba cha kulia kilipinda nje kana kwamba kinataka kuwaacha wenzake. Ungeiona sokoni ungesema hii ni mikono ya kupakia magunia. Halafu mtu analetwa kwenye kipoyi, ile machela yetu ya miti, mguu umegeuka, na wale waliombeba wanalia kuliko yeye. Mama Muungaji anaweka jembe chini, ananawa, anashika mguu, kisha anaangalia pembeni. Kila mara. Hakuwa anautazama ule mfupa hata kidogo. Alitazama paa, au kuku wa jirani, kichwa amekiinamisha, kama mtu anayesikiliza redio yenye betri zilizochoka. Vidole vinatembea, na mdomo unatukana.

“Weye Papa, nani alikufundisha kuanguka hivi? Hata kuanguka hujui!”

“Mama, ni mvua, njia ilikuwa na utelezi…”

“Mvua inanyeshea batu bote. Kwa nini wengine banaanguka muzuri?”

Papa wa watu (kwetu Papa ni baba yeyote) anafungua mdomo ajibu, amekasirika kweli, na hapo hapo unasikia kruk. Mfupa umeingia. Hasira inamwishia mdomoni, anabaki anashangaa. Mama tayari anaomba mianzi na kamba za mgomba ili amfunge.

Mikono hiyo hiyo ilikuwa inavunja kila kitu kingine. Sahani nyumbani kwake zilikuwa za plastiki, maana zile za udongo zilikwisha zote. Hakuweza kutia uzi kwenye sindano. Alikuwa anakuja kwangu na sindano yake, ananyoosha mkono, nami namtilia. Maharagwe yake yaliungua mara nne katika wiki. Kanisani alisimama mstari wa mbele wa kwaya, akiimba kwa nguvu zote, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba wimbo ulikuwa unapita upande mwingine. Na alikuwa anaogopa mdomo wa kuku. Mwanamke aliyenyoosha paja la dereva wa lori, akipita kuku mwenye vifaranga anazunguka nyumba nzima.

Siku moja walifika kwake pamoja mwalimu wa shule ya msingi, kifundo kimevimba, na mama mmoja aliyebeba mbuzi mwenye mguu uliovunjika. Akaanza na mbuzi. Mwalimu alilalamika.

“Mbuzi hajui kusema pa kuuma,” akamwambia. “Weye unajua kusema, hata Kifaransa. Ngoja.”

Mwalimu akangoja. Alipomaliza kutibiwa alitaka kumlipa kwa maneno mazuri, akamwambia, “Mama, kweli una maarifa.” Akajibiwa kwamba maarifa iko mu kitabu, na kitabu hakina vidole. Mwalimu alicheka mpaka kifundo kikamuuma tena.

Nimefika hapo nilipotaka kufika, kwenye maneno. Sijaona mtu bahili wa sifa kama yeye. Sisi wengine tunasema fulani hodari, fulani fundi, fulani ana akili, yote tunachanganya kama mboga. Yeye alikuwa na neno la kila mtu, na hakukubali upewe la jirani yako.

“Ana nguvu” lilikuwa la wapakia magunia na la ng’ombe. Halikuwa tusi, lakini halikuwa sifa. “Mwepesi” alilitumia kwa mama mshonaji wa karibu na kanisa na kwa kijana aliyekuwa anaiba viazi shambani, kwa pumzi moja, bila kuona vibaya: wote wawili mikono yao inafika kabla ya macho yako. “Malini” ilikuwa ya watoto wanaojibu upesi. Alikuwa anawapenda, ila alisema malini anaanza kazi kumi na jioni bado anaanza. “Mayele”, neno la Kilingala lililotufikia kwa muziki na kwa askari, lilikuwa la mtu anayeweza kupita kwenye barieri, kizuizi cha askari njiani, bila kuguswa. Hilo alilisema kwa sauti ya chini, kwa heshima na kwa woga. “Mayele inakupitisha leo,” alisema. “Haikuonyeshe njia ya kurudi.”

Na “akili”? Mimi nilifikiri akili ni shule. Kwake akili ilikuwa kujua kuacha. Nilimwona akiletewa mtu ambaye mfupa umetoboa ngozi na kutoka nje. Hakumgusa. Alivuta mikono nyuma kama mtu aliyeona moto, akasema, “Huyu ni wa hopitali, sasa hivi, mimi siguse.” Ndugu wa mgonjwa walimsihi, mmoja alipiga magoti. Akakataa, akawatafutia yeye mwenyewe wabebaji. Baadaye akaniambia kwamba kuna bega moja alilolifanyia kiburi zamani, la binti wa miaka kumi na miwili, na sasa yule binti ni mama na hawezi kuinua mtoto kwa mkono ule. “Siku ile nguvu nilikuwa nayo, na mukono nilikuwa nayo,” akasema. “Akili njo haikuwa.” (Njo ndiyo “ndiyo” ya kwetu.) Alipomwona yule mwanamke sokoni alikuwa anabadilisha njia, kama anavyofanya kwa kuku.

Sifa yake kubwa kuliko zote niliisikia mara mbili tu: “Mukono yake inasikia.” Moja ilikuwa ya mzee aliyekuwa anatengeneza jibini, ambaye alitia kidole kwenye maziwa na kukuambia yanangoja nini. Nyingine ilikuwa ya mkunga aliyefariki.

Lakini “fundi” hakutaka kulisikia. Ukimwita fundi aligeuka mkali. “Fundi ni wa pikipiki,” alisema. “Anafungua, anafunga, na kuna parafujo moja inabaki mu mukono yake. Mimi nikibakiza kitu, muntu atatembea namna gani?” Tulicheka. Ukimuuliza basi yeye ni nani, anajibu, “Mimi? Nimezoea tu.”

Nilidhani ni unyenyekevu. Nilidhani pia ni unyenyekevu uliozidi, na kwamba mtu kama yule angehitaji mtu wa kumtangaza.

Huyo mtu, bila shaka, ningekuwa mimi. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, halafu darasa letu likajaa familia zilizokimbia vita kutoka milima ya juu, wakalala juu ya madawati yetu, na masomo yakaishia hapo. (Kwa hiyo mkiona nimekosea mahali, mnivumilie.) Nikanunua pano sola moja, ile sahani ya umeme wa jua, na betri kuukuu ya gari, nikaweka meza kando ya soko, nikawa nachaji simu za watu. Ndoto yangu ilikuwa redio. Nilitaka kuwa yule mtu anayesema “wasikilizaji wapendwa” na watu wakaacha jembe hewani. Kwa kuwa redio haikuniita, nilitangaza pale mezani. Mama anayepita na sombe, kisamvu chetu: “Wasikilizaji, anapita fundi wa sombe, hata majani yanafurahi kupondwa!” Kijana wa pikipiki: “Fundi wa matope, injini inamwogopa!” Watu walicheka, waliongeza mwendo kwa madaha. Neno fundi nilikuwa naligawa kama karanga.

Mama Muungaji alikuwa anakaa kwenye jiwe karibu na meza, akingoja simu yake ndogo ijae. Siku moja nikamuuliza, “Mama, na mimi je, unanipa neno gani?”

Akaniangalia mdomo. “Weye unajua kusema. Ni kazi, sikatae. Lakini mudomo yako haina kifuniko.”

“Mama, redio nayo haina kifuniko.”

“Redio iko na button ya kuzima,” akasema, akachukua simu yake na kuondoka, nami nikabaki nacheka. Nilipenda sana alivyonijibu. Sikusikia alichoniambia.

Ni lazima nieleze desturi yetu ya miaka ile, maana asiyeijua hataelewa kosa langu. Siku ambazo watu wenye silaha walipita, wa upande huu au wa upande ule, kijiji kizima kilikuwa wakulima. Kila mtu. Mama mshonaji alifunika cherehani kwa gunia la maharagwe na kutoka na jembe begani. Muuguzi wa kituo cha afya alivua koti jeupe, akaketi nyuma ya fungu la nyanya zisizo zake. Fundi wa pikipiki alipaka udongo juu ya mafuta ya mikono ili yasionekane. Kwa maana walipopita waliuliza hivi: nani hapa anajua kitu? Nani anashona, nani anatibu, nani anatengeneza? Anayejua kitu aliondoka nao. Mwenye nguvu tu alibebeshwa mzigo mpaka kilima cha pili, kisha mara nyingi akaachiwa. Mwenye ujuzi hakuachiwa. Basi tukajifunza kuficha kazi zetu kama tulivyoficha mbuzi. Watoto walijua. Mimi nilijua. Nilikuwa na jembe langu chini ya meza, halijawahi kulima hata mstari mmoja, kazi yake ilikuwa kuonekana.

Ila yule mtu hakuja na silaha. Alikuja siku ya soko, shati la kola, viatu vimepigwa rangi, simu mkononi, na alinisalimu kwa adabu kuliko wateja wangu wote. Akaniomba nimchajie. Akaketi juu ya lile jiwe. Nikamuona uso wake umechoka, nikamuuliza kama kuna tatizo.

“Ni mudogo wangu,” akasema. “Alianguka ku daraja, paja imevunjika. Iko analala huko, analia tu. Kumupeleka Goma siwezi, njia iko mubaya.”

“Ana miaka ngapi?”

“Kumi na tano.”

Moyo wangu, basi, ndio huo. Nikaona paja la mtoto wa miaka kumi na tano, nikaona analia. Na hapo hapo nikafurahi, kwa sababu nilikuwa na dawa ya shida yake mdomoni mwangu.

“Kaka, usisumbuke!” nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya redio. “Kuko Mama moja hapa hapa. Fundi! Fundi kuliko hopitali ya Goma! Anashika mufupa huku anaangalia kuku, na mufupa unarudi wenyewe, unaona haya!”

Akaniuliza nyumba yake iko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Nilimwonyesha hata mti wa parachichi ulio mbele ya mlango, ili asipotee. Akanishukuru, akachukua simu yake haijajaa hata nusu. Hilo lilipaswa kunishtua. Nilifikiri ana haraka ya kumwona mdogo wake.

Asubuhi ya tatu walikuja sita. Tuliwaona wakiteremka, na kila mtu akafanya kama tulivyozoea. Mama mshonaji na jembe. Muuguzi na nyanya. Mimi nilisukuma pano sola chini ya kitanda cha jirani, nikashika jembe langu. Mama Muungaji alitoka kwake na la kwake begani, kitenge cha shamba, miguu mitupu, na kwa kweli alikuwa mkulima kuliko sisi sote. Wakamwendea moja kwa moja.

“Mama, tunakutafuta weye.”

“Mimi? Mimi niko mulimaji tu. Muangalie mikono.”

Akainyoosha. Mmoja wao akacheka, bila ubaya, kama mtu anayemjua mchezaji na mbinu zake.

“Hapana, Mama. Tulishaambiwa. Weye uko fundi. Fundi kuliko hopitali ya Goma.”

Mama Muungaji hakugeuka upesi. Alisimama kidogo, kichwa amekiinamisha kama alivyofanya anapotafuta mfupa. Kisha akageuza shingo, akatazama ng’ambo ya njia, kwenye meza yangu tupu, na kutoka pale mpaka kwangu mimi niliyesimama na jembe. Katika Ngungu yote ni mtu mmoja tu aliyekuwa anasema vile. Macho yake hayakuwa na hasira. Ningependa yangekuwa nayo.

Akawaomba kitu kimoja, aepue sufuria ya maharagwe. Wakamruhusu. Kisha wakampandisha kile kilima, wawili mbele, wanne nyuma, na jembe lake akaliacha limesimama ukutani.

Sitasema mengi juu ya miezi iliyofuata. Ukweli kuhusu yule mdogo wa miaka kumi na tano sikuujua: labda alikuwepo, labda alikuwa kamanda mwenye miaka hamsini. Nililojua ni kwamba mifupa ya kwetu haikuacha kuvunjika. Papa mmoja jirani alianguka kutoka kwenye mkaratusi, tukamfunga wenyewe, mguu ukapona umepinda. Mpaka leo anachechemea, na mpaka leo ananisalimia kwa furaha, ananiuliza habari za redio. Anajua kama wengine wanavyojua. Hakuna aliyewahi kunilaumu kwa mdomo. Kwetu watu wamekosa mengi katika vita, wamechoka kuhesabiana makosa. Mimi nilingoja mtu mmoja anitukane, na mtukanaji wetu walikuwa wamemchukua.

Meza sikuiacha, maana lazima mtu ale. Ila sikutangaza tena. Mama wa sombe alipita akapunguza mwendo, akangoja, kisha akaendelea na njia yake. Niliwanyima hata kicheko hicho.

Karibu mwaka na nusu ulipita. Dereva mmoja wa pikipiki aliyerudi kutoka pande za Walikale aliniachia simu yake nimchajie, akasema tu, kama anavyosema mtu habari za bei ya chumvi, kwamba Buleusa kuna mama mmoja anauza mafuta ya mawese, na anaongea kama watu wa Ngungu. Nikamuuliza kidole gumba chake kikoje. Akashangaa. Akafikiri. “Kimepinda,” akasema.

Ilinichukua siku tatu: pikipiki, miguu, tena pikipiki, nikilala kwa wasamaria. Njia nzima nilikuwa natengeneza maneno. Nilikuwa na hotuba mbili, ndefu na fupi. Ile ndefu ilieleza yule mtu alivyokuwa na adabu, na mdogo wake, na moyo wangu. Karibu na kufika niliitupa. Nikabaki na ile fupi: Mama, unisamehe, ni mimi.

Nilimkuta barazani kwa duka la mfanyabiashara mmoja mkatoliki mwenye asili ya Butembo, mtu mpana mwenye kofia, anayeuza sabuni, chumvi na misumari. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi nyuma ya chupa za mafuta mekundu. Alikuwa amekonda. Aliniona kabla sijafika, na wala hakusimama.

“Umekonda,” akaniambia yeye.

“Mama…”

“Kaa. Ulikula?”

Akanipa ndizi ya kuchoma, imeungua upande mmoja. Nikaketi. Nikafungua mdomo niseme ile hotuba fupi, na mwenye duka akatoka na kiti chake akaja kuketi nasi, amefurahi kuona mgeni.

“Kaka, weye unatoka kwabo na huyu Mama? Basi utuambie. Tuko naye hapa miezi mingi, hasemi kitu. Kule kwenu alikuwa anafanya kazi gani?”

Mama Muungaji alikuwa anajaza chupa ya mteja. Hakuinua macho, lakini mafuta yaliacha kutiririka.

“Alikuwa analima,” nikasema. “Viazi na maharagwe.”

“Kulima tu?”

“Kulima tu, Papa. Na kuimba mubaya mu kwaya.”

Mwenye duka alicheka sana. Mafuta yakaanza kutiririka tena. Hivyo nikaelewa, bila kuambiwa, anaishije pale tangu awaponyoke wale waliomchukua: mahali ambapo hakuna anayejua kwamba anajua. Sikumuuliza chochote.

Nafikiri ningesema neno langu mwenye duka aliporudi ndani. Nilikuwa nimekwisha kulivuta mpaka kwenye meno. Ndipo tukasikia mlio nyuma ya duka, pale walipokuwa wanashusha magunia ya mihogo kutoka kwenye lori. Mama mmoja akaja anakimbia, amembeba binti yake wa kama miaka saba aliyepanda juu ya magunia na kuanguka. Mkono wa mtoto, chini ya kiwiko, ulikuwa na kona mahali pasipo na kona. Ngozi ilikuwa nzima.

Muuguzi wa pale alikuwa amesafiri kufuata dawa. Watu wakajaa. Mmoja akasema tumpeleke na pikipiki, mwingine akasema na njia ile mkono utakatika kabisa. Mama wa mtoto alikuwa anageuka kwa kila mtu: “Nani anajua? Hapa hakuna muntu anajua?”

Nilitazama miguu yangu. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na sifa ya mtu mdomoni nikaifunga huku mtoto analia mbele yangu.

“Weye,” akasema Mama Muungaji, kwa sauti ya kuchokoza, ili wote wasikie. “Weye kijana ya Ngungu. Si mulifundishwa ku masomo kufunga mukono? Unakaa kula ndizi tu?”

Sikuwahi kufundishwa kitu kama hicho. Nikamtazama. Akanitazama, kisha akatazama mkono wa mtoto.

“Nilifundishwa kidogo,” nikasema.

“Basi fanya. Mimi nitashika mutoto, asiruke.”

Akamkalisha binti mapajani, akavua kitenge cha juu, akakifunika juu ya ule mkono. “Mutoto asione,” akawaambia watu. “Akiona ataogopa.” Na chini ya kitenge mikono yake ikaja juu ya mikono yangu. Vidole vyake vilikuwa na mafuta. Akaviweka vyangu alipotaka, hapa, na hapa, akagonga mara mbili kunionyesha nivute taratibu. Juu ya kitenge mimi ndiye niliyekuwa natoa jasho. Yeye alikuwa anaangalia paa la duka.

Hakuweza kumtukana mtoto. Angejulikana kuwa ndiye anayefanya kazi. Akanikanyaga mguu. Nikaelewa: kumsahaulisha mtoto maumivu ni kazi ya mdomo wangu.

“Wasikilizaji wapendwa!” nikasema, na sauti ilitoka imekauka, maana sikuitumia muda mrefu. “Habari za Buleusa: leo asubuhi mbuzi mmoja ameonekana amevaa kofia ya Papa mwenye duka, na Papa anasema ni yeye amemwazima…”

Binti akageuka kumtazama mwenye duka. Mwenye duka, Mungu ambariki, akashika kofia yake kama anayeogopa kuibiwa. Mtoto akaanza kucheka, kicheko chenye machozi, na chini ya kitenge mikono minne ikavuta, na nikasikia mfupa unaingia, laini, kama droo inayofungwa. Nikajua ndicho alichokuwa anakisikia miaka yote.

Tulimfunga kwa vipande vya katoni na kamba. Mama Muungaji alikuwa ameshatoa mikono yake, amerudi kwenye chupa zake. Watu wakanizunguka. Walinipiga mabegani. Mwenye duka akanipa soda. “Fundi!” walisema. “Kumbe tumepata fundi!” Mama wa mtoto alikuwa analia na kucheka, amenishika mkono wa kulia na haachi, anauliza jina langu.

Nikasita. Kutoka nyuma ya chupa Mama Muungaji akasema, bila kuinua kichwa, “Muambie jina yako. Muambie na kwenu. Wajue ni weye.”

Nikawaambia. Jina lote, na Ngungu.

Kisha akanisogelea na chupa ya mafuta kama anayeniuzia, akaongea upesi, chini. “Kuna pikipiki inaenda sasa hivi. Panda. Usilale hapa. Hii neno inatembea mbio, kesho kutwa watakuja kuuliza fundi iko wapi. Watu waseme alikuwa kijana, alipita, alirudi kwabo. Na kule kwenu usikae ku meza mwezi mzima. Umesikia?”

“Mama, mimi nilikuja kwa sababu…”

“Najua kwa nini ulikuja. Panda.”

Akaniwekea chupa mkononi na kunisukuma mgongoni. Dereva alikuwa ameshawasha. Nikapanda. Nilipogeuka, alikuwa anampimia mteja mafuta, na alikuwa anayamwaga nje ya chupa, nusu nzima, mteja anapiga kelele. Mama wa mtoto alikuwa amesimama katikati ya njia. Lori jingine lilikuwa linafika, naye alikuwa anawaeleza waliokuwa juu yake, kwa sauti kubwa, mkono umeinuliwa kunielekea, jina langu na kazi niliyofanya.

Dereva akageuza kichwa. “Kaka, ni weye banasema? Weye njo fundi?”

“Njo mimi,” nikamwambia. “Endesha.”